Orpha na barafu ya Ruwenzori

Orpha Masika alifika Likasi, kusini mwa Kongo, akiwa na miaka ishirini na miwili, amemfuata mume wake Benoît, fundi wa umeme katika mtaa wa Panda. Hapo amezaa watoto watatu, amezoea bukari, ule ugali wa mahindi, na joto la mwezi wa kumi. Kitu kimoja tu hakukizoea. Kwao Mutwanga, chini ya mlima Ruwenzori, mtu akitoka nje asubuhi huinua macho kwanza, aone kama mlima umejifunua. Huko Likasi pia aliinua macho, akakuta vilima vyekundu na mbingu tupu.

Baba yake, Papa Léon, aliongoza wapanda mlima kwa miaka thelathini. Sasa mtoto wa jicho amemfunga macho yote mawili. Kila Jumapili, baada ya misa, walizungumza kwa simu, na kila Jumapili mzee aliuliza kama barafu ingaliko. Orpha alipomwambia awaulize majirani, alijibu kwamba wanamhurumia. Wanasema mawingu yameficha, basi.

Orpha alikuwa akichora ramani katika ofisi ndogo ya topografia mjini. Mwaka mmoja ofisi ilianza kutumia picha za setilaiti kufuata ukingo wa maji ya ziwa Tshangalele, namna unavyosogea kati ya mvua na kiangazi. Mhandisi Cyrille ndiye aliyemfundisha. Picha zenyewe ni za bure, nyingine za zamani sana. Siku moja, wakati wa mapumziko, badala ya ziwa Orpha akatafuta mlima wao.

Karibu picha zote zilikuwa mawingu matupu. Kisha akapata moja ya Aprili, safi, kilele cheupe kutoka huku hadi huku. Picha hizo zimegawanyika katika miraba, kila mmoja mita thelathini kila upande. Akahesabu miraba myeupe ya upande wa Kongo wa mpaka, akahesabu na ya picha ya mwaka 1987. Mipya ilikuwa mingi kuliko ya zamani. Akampigia baba yake saa ileile: barafu imeongezeka. Mzee alilia kwenye simu. Jumapili alisimama kanisani akashuhudia, na wenzake wa zamani walioongoza watu mlimani wakaanza kuja kukaa naye.

Cyrille alipoiona picha ile akavuta kiti.

“Mama Orpha, hii yote haiko barafu. Ni neige, theluji ya juzi. Angalia ya mwezi wa saba. Ile inabakia kiangazi, njo ya kupima.”

Akamwonyesha pia mwanga ambao jicho la mtu halioni, lakini setilaiti inauona: humo mawingu hung'aa, na barafu huwa nyeusi. Kwa siku kumi Orpha alikula chakula chake mbele ya kompyuta, akiondoa mawingu, akilinganisha kiangazi kimoja na kingine. Mwishowe ilibaki miraba arobaini na mmoja.

Benoît alimwambia amwache mzee na furaha yake. Orpha nusura akubali. Lakini hiyo ilikuwa ni huruma ileile ya majirani. Akapiga simu.

“Papa, nilikosea. Ile ilikuwa theluji mpya. Barafu yenyewe imebaki kidogo sana, miraba arobaini na mmoja tu.”

Ng'ambo ya simu ilisikika mvua juu ya mabati.

“Inabaki wapi?” mzee akauliza.

Akamweleza: kipande kirefu chini ya kilele cha Alexandra, na kingine kidogo kando ya mwamba uliopinda kama mundu.

“Hapo tulikuwa tunafunga kamba,” akasema Papa Léon. “Pandisha sasa, mukono wa kuume.”

Orpha akapandisha kidole juu ya kioo. Mzee alimtajia kila mahali walipokanyaga barafu, na kila mahali Orpha alimwambia alichokiona: jiwe. Jiwe tena. Walipofika juu, mzee alivuta pumzi.

“Kila mwaka unihesabie,” akasema. “Hata ukibaki mraba mmoja.”

Jumapili iliyofuata alisimama tena kanisani, akasahihisha ushuhuda wake. Wenzake wa mlimani hawakuacha kuja. Walikaa, wakataja, mmoja baada ya mwingine, mahali walipokanyaga barafu.

Ni miaka miwili sasa. Kwa sababu ya vita, barabara ya Mutwanga haipitiki, na Orpha hajaenda. Julai iliyopita alihesabu miraba thelathini na mitatu, akampigia baba yake, akamwambia.

Akishamaliza kuhesabu, hafungi picha mara moja. Huishusha polepole, apite msitu, mpaka afike penye doa la kijivu ambalo ni Mutwanga. Mraba mmoja kati ya miraba ya hapo ni kiwanja cha kwao. Hajaweza kujua ni upi.