Harufu ya Siki

Aspirini iliyoingia unyevu hunuka siki. Leo, katika maabara ya chuo, nilifungua chupa ya zamani, na nikaifunga upesi kabla sijajua sababu.

Mama yangu alikuwa muuguzi wa meno, akitibu watu sebuleni kwetu, mtaa wa Kamwokya. Mchana mmoja mwanajeshi aliupiga mlango teke akaingia, shavu limevimba, bastola mkononi.

"Mama, toa hii jino sasa hivi!"

Mama aliinama kumtazama kinywani, akainusa ile siki. "Afande, umemeza aspirini?"

"Mimi ndiyo nauliza watu maswali!"

"Inazuia damu kuganda, afande. Nikiling'oa leo, damu haitakoma upesi. Tungoje wiki moja."

Alimpiga mdomoni kwa kitako cha bastola. Nilisikia jino la mama likivunjika, sauti kavu kama ya kijiti. Kisha mwanajeshi akaketi, akapanua kinywa.

Mama aling'oa. Damu ilitoka kama alivyosema, naye akaikandamiza pamba kwenye pengo kwa kidole, mdomo wa bastola ukimgusa tumboni, huku damu yake mwenyewe ikidondokea shati la yule mtu. Kivuli cha dirisha kilihama kutoka sakafuni hadi ukutani.

Ilipokoma, askari alimtazama usoni, akatoa mfukoni kikopo cha vidonge kilichonuka siki.

"Pole, mama. Sasa wewe ndiyo umevimba. Meza mbili, inatoa uvimbe."

Hadi leo sijui kama ilikuwa huruma au adhabu. Mama, kinywa kikimvuja damu, alivimeza vidonge vyote viwili mbele yake.

"Asante, afande," akasema.