Binti Aliyeomba Kusaidiwa

Juzi nilikuwa mtaa wa Mchafukoge, kwenye duka la jumla la vifaa vya umeme, nikisubiri mzigo wangu ufungwe. Pale pale kaunta, mzee mwenye duka alikuwa akimsaili binti aliyemaliza chuo, anayetafuta kazi ya uhasibu. Binti alieleza bila kusita jinsi ya kufunga hesabu za mwezi, na mzee akawa anaitikia kwa kichwa.

"Sasa niambie, kwa nini nikuchukue wewe?"

Binti akainamisha macho, akashika mkono mmoja kwa mwingine. "Naomba tu unisaidie, mzee wangu."

Mzee akamsukumia bahasha yake ya vyeti. "Mimi natafuta mhasibu, mwanangu. Misaada kaombe msikitini."

Binti akatoka akijifuta machozi kwa kiganja.

"Lakini kazi anaijua," nikamwambia mzee.

"Mbona hakusema hivyo?"

Angesemaje? Bongo hii hata cheti chako mwenyewe unakifuata ofisini kwa kuomba usaidiwe, na ukikidai kama haki yako unaambiwa una kiburi. Tumewalea vijana waombe kila kitu, halafu siku ya usaili tunawanyima kazi kwa sababu wameomba.