Bunduki Niliyoibeba Mgongoni

Asubuhi za Masisi, zile za enzi za Wabelgiji, hunijia siku hizi nikiwa macho, bila kuziita. Ukungu umekaa juu ya mashamba ya maharagwe, moshi wa jiko hautaki kutoka, na mimi ni msichana tena, nimesimama mlangoni nikimngoja kijana wa Walikale, kule chini kwenye misitu ya joto. Alikuwa msaidizi wa dereva wa kamyo iliyopandisha mawese kwetu. Mrefu, mpole kupita kiasi, na mimi nilimpenda vibaya sana. Sioni haya kusema, hata sasa nikiwa na wajukuu.

Tatizo lilikuwa Papa, baba yangu. Nyumbani kwetu mkwe hakuonja chakula kabla hajaleta nyama aliyoiua kwa mkono wake mwenyewe. Dada zangu wakubwa waliolewa hivyo.

"Huyu ni muntu wa pori," Papa alisema, "kuua nyama njo kazi yake. Alete. Kama kamyo inashuka na hajaleta, ashuke nayo, maneno iishe."

Muntu wa pori! Papa hakujua kwamba huko Walikale wanaume huwinda pamoja, kwa nyavu na mbwa wenye kengele shingoni, huyu akifukuza, yule akingoja. Kwenye vilima vyetu vitupu, peke yake, wavu angeutega wapi?

Alichokuwa nacho ni bunduki kuukuu ya upepo, aliyoachiwa na Mzungu mmoja wa machimboni. Haitumii baruti. Unaikunja katikati, resori, ile springi ya ndani, inajibana. Ukifyatua, resori inasukuma pistoni, pistoni inasukuma upepo, na upepo unatupa kirisasi kidogo kama punje ya mtama. Lakini resori yake ilikuwa imekatika. Basi akatoa resori ndogo kwenye injini ya kamyo iliyokufa, akazipanga moja juu ya nyingine ndani ya bomba. Kwa pistoni akakata duara jipya la ngozi ya paa, maana ile ya zamani ilikuwa imekauka na kupasuka. Nilikaa karibu nikimtazama, nikichambua maharagwe ambayo nilikuwa nimeshayachambua. Mwisho akamimina mawese ndani, mengi, akafunga. Kwao kila kitu hupakwa mawese: mwili wa mtoto, mpini wa jembe, bawaba ya mlango. Nilinusa ile harufu nikajiona nimeshaolewa.

Asubuhi iliyofuata alikwenda shambani, ambako kwale huja kuokota punje. Papa alisimama nyuma yake, mimi nyuma ya Papa. Kwale akatokea, mnene. Kijana akafyatua. Bunduki ikashusha pumzi tu, pfff, na kirisasi kikaanguka kwenye nyasi mbele ya miguu yake. Kwale aliendelea kula! Papa alicheka mpaka akashika mgomba asianguke.

"Resori iko mubaya," kijana alisema, uso umemshuka.

Nikapandwa na hasira. "Resori nini! Angalia chupa ya mawese pale jikoni. Iko inamwangika?"

Kwa baridi yetu mawese huganda kila usiku, na kila mama wa Masisi huyapasha moto kabla ya kupika. Yeye, mzaliwa wa joto, angejuaje? Bunduki yake ilikuwa imeziba kabisa.

Hatukuthubutu kuiweka motoni, ngozi ingeungua. Kesho yake alfajiri niliichukua, nikaifunga mgongoni kwa kitambaa, moja kwa moja kwenye mwili wangu, kama mama anavyobeba mtoto. Yoo, ile baridi ya chuma! Nilipiga kelele. Mama akatoka jikoni, akaniona, akashika mdomo.

"We mutoto, una wazimu? Bantu watasema nini?"

Waseme. Nilizunguka uani polepole ndani ya ukungu, nikiibembeleza, na sijui kwa nini nilianza kuimba kwa sauti ndogo. Chuma kikaanza kupata joto langu. Vilima vilikuwa havionekani, nyumba haionekani, nilikuwa na furaha tupu. Ningeweza kutembea hivyo mpaka leo.

Siku hiyo bunduki ililia vizuri, pah! Lakini kijana alikosa. Alirudi, akasimama mlangoni mikono mitupu.

"Nyama iko wapi?" Papa akauliza.

"Imeruka, Papa."

Hakusema ilijeruhiwa, hakusema ilianguka mtoni. Papa alimtazama miguu iliyolowa umande. Barabarani kamyo ilikuwa inapakia viazi, tayari kushuka. Kisha akaniita kama alivyozoea kuniita mimi bintiye.

"Mama, mupe maharagwe. Baridi itamuua."

Nikamletea sahani mbiombio. Na huyo mpumbavu akairudisha!

"Hapana, Papa. Nitakula nikileta."

Nilitaka kumpiga na ile sahani. Mlango umefunguliwa, yeye anang'ang'ania kubaki nje!

Papa aliinuka. Alivaa koti lake kuukuu la sufu, akachukua bunduki, akaiingiza ndani, chini ya kwapa, akaibana. Akatangulia. Kijana akamfuata kuelekea bondeni, kwenye maficho ya kwale ambayo Papa hakuwahi kumwonyesha mtu.

Walirudi dereva akipiga honi. Kwale mmoja mkononi mwa kijana, mwembamba, manyoya matupu. Nilimpika upesi. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, hata mwanawe wa kiume haiombi. Ya kwale yule ilikuwa ndogo kabisa. Papa aliiweka kiganjani, akaikata katikati kwa kisu, akampa kijana nusu. Wakatafuna, wakiangaliana. Honi ililia tena. Hakuna aliyeinuka.