Koti Lisilovalika

Mama Pacha alikuwa na mkono wa ushonaji tangu utotoni, ila karakana ya sare za hospitali haikuajiri mtu asiye na cheti. Akajiunga na chuo, akasoma na mabinti wa rika la wadogo zake, na kwenye mtihani wa mwisho akashona koti la kiume. Akafelishwa. Sababu ilikuwa moja tu: "Koti halivaliki."

Akakata rufaa. Haki hiyo ilikuwa imebandikwa ukutani, nyuma ya kabati la vikombe, mahali ambapo hata buibui angeisoma kwa tabu.

Kamati ya rufaa ilikuwa ya watu wawili: mkuu wa chuo, mtu wa kitambi na makeke, na mwalimu wa ushonaji, yuleyule aliyemfelisha. Mwalimu alikaa kama mtu aliyekuja kusikiliza mashtaka ya jirani.

Chuo kilikuwa na mtindo wake: nguo za mtihani hazirudishwi, ni mali ya chuo. Na chuo, kumbe, kilikuwa na mabega, kitambi na mke anayependa magauni.

"Haya mama, toa manung'uniko yako upesi, tuna kazi," mkuu alisema huku akijinyoosha.

Koti alilovaa likafunguka. Mama Pacha akaiona kwa ndani bitana ya zambarau aliyoikata kwenye gauni lake kuukuu.

"Samahani, Mkuu. Hilo koti linakubana?"

"Hili? Limenikaa barabara! Tangu nilivae, hata mashemeji wananiamkia."

Mwalimu akakohoa.

"Mbona unanikanyaga, mwalimu?"

"Anakuonya," alisema Mama Pacha. "Ndilo hilo lisilovalika."

Mkuu alijitazama kifuani kana kwamba koti limemvamia njiani. Kisha akalainika ghafla. "Basi yaishe, mama yangu. Cheti utapata kimyakimya, wewe futa malalamiko."

Cheti alikitaka mno. Akatikisa kichwa.

"Kimyakimya mtakuja kunipokonya. Ukutani mmeandika kazi ipimwe upya na mwalimu wa nje. Livue."

"Nivue mbele za watu?"

"Si ulilivaa mbele za watu?"

Akalivua. Shati la ndani halikuwa na kifungo tumboni. Mkuu wa chuo cha ushonaji alikuwa amelibana kwa pini.

Mwalimu wa nje alilipitisha koti kwa alama za juu, ila aliomba kwanza lifuliwe.