Chini ya Kitanda cha Mukwe Wangu

Mimi ni koko wa wajukuu wengi, na ninajivuna. Wacha waseme. Mutu akiwaona wajukuu wangu wakishuka kwenda misa siku ya Mungu, wamepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa kama vyungu vipya, atajua sikuzaa bure. Masomo sina. Nilisoma kidogo tu, kisha baba akasema yatosha, sasa ujue jembe. Lakini muguu wangu wa kushoto umesoma kwa niaba yangu.

Risasi iliingia mu muguu huo nikiwa bado na nguvu zangu. Watu wakiona ninavyochechemea wananiuliza, "Maman, ilikuwa vita gani?" Ninawajibu: vita ya maharagi. Nilikuwa nimekaa mu nyumba yangu ya mbao, hapa Bukavu, ninachagua maharagi, mawe huku, maharagi huku. Jirani alikuwa anaonyesha rafiki zake bunduki. Nilimusikia kupitia ukuta, anacheka: "Musiogope, haina kitu." Kisha ubao ukatoboka, na mwanga ukaingia mwembamba kama uzi, vumbi likacheza ndani yake. Niliutazama ule uzi. Ulikuwa muzuri. Maharagi yalikuwa yametawanyika chini, mengine yanageuka mekundu, na mimi ninajiuliza nani amemwaga rangi juu ya chakula changu.

Mwanamuke wa nyumba ya pili ndiye aliyeniokoa. Alivua kikwembe chake cha kitenge, akakikunja, akakandamiza pale kwa nguvu zake zote, kama mutu anayekanda unga. Mwengine alikuja na unga wa tumbaku anataka kuutia mu kidonda. Yule wa kikwembe akamufukuza: "Toka na uchafu wako! Tafuta wanaume wa kumubeba!"

Hospitalini nililala muda murefu, na muda ule mu kichwa changu umebaki kama ndoto moja. Asubuhi ukungu wa ziwa ulipanda mpaka madirishani, ukaingia, na vitanda vyetu vikawa vinaelea. Sauti za wagonjwa zilipita juu yangu kama ndege. Mama mumoja wa Sange alisema, "Mimi, ni harusi. Walipiga juu kwa furaha, furaha ikanishukia begani." Sauti ya mwanaume ikasema, "Mimi, ni kaka yangu. Alikuwa anaipangusa." Na mwengine, mbali, karibu na mulango: "Sisi tuligombana tu, tulikuwa tumekunywa." Nilikuwa ninafikiri wodi ile ni ya watu wa vita. Kumbe wengi walitoka nyumbani kwao.

Muganga mwanamuke aliyekuwa ananibadilishia bendeji aliniambia, "Unasikia, maman? Malaria, tunawaambia mulale mu chandarua. Kolera, tunawaambia muchemshe maji. Hii nayo iko na kinga yake: bunduki isilale mu nyumba."

Nililala na maneno hayo. Niliamuka nayo. Nilikuwa sijui kwamba siku moja nitayapeleka kwa mukwe wangu, bwana wa binti yangu.

Kwetu Bushi, mama mukwe na mukwe wanaogopana kwa heshima. Simutazami machoni. Sili mbele yake. Nikiwa na neno zito, ninalisema kwa binti yangu, na yeye analisikia akiwa amesimama palepale. Na chumba anacholala na binti yangu, sikanyagi. Hata nyumba ikiungua, nitasimama mbele ya rido, pazia la mulango, nipige kelele.

Mukwe huyu si mutu mubaya. Ni fundi wa kujenga, mikono yake imejaa sima ya kujengea, na hajawahi kumupiga binti yangu. Nyumba yao iko juu ya kilima, pale udongo unateleza. Binti yangu alikuwa na mimba ya kukaribia, na mimi ndimi ningekuja kumukalisha muzazi: kumukanda na maji ya moto, kumupikia uji, kumubeba mutoto mpaka kitovu kianguke. Hiyo ni kazi ya mama, hakuna anayeiazima.

Mchana mumoja nilikuwa kwao, binti yangu alikuwa ameenda kupimisha mimba. Mvua ilikuwa imetoka kupita. Munajua Bukavu mvua ikipita: mabati yanatoa moshi, ziwa linakuwa jeupe kama maziwa, na Rwanda ng'ambo inasogea karibu, unaona kama unaweza kunyoosha mukono ukachuma ndizi zao. Nilikaa mu lupango, ndani ya ua wao, juu ya kiti kidogo, ninachambua sombe, majani ya muhogo, usingizi unanivuta. Mujukuu wangu, binti mudogo ambaye alikuwa hajaanza shule, alikuwa anacheza ndani.

Akatoka anatembea polepole, ameinama kidogo, vile wanawake wetu wanavyoinama. Mugongoni alikuwa amefunga mutoto kwa kikwembe cha mama yake. Alikuwa anaimba ule wimbo wa kubembeleza, maneno nusu, nusu pumzi. Nilimutazama kupitia usingizi wangu, nikaona binti yangu akiwa mudogo, nikajiona mimi mwenyewe.

"Koko, nimezaa."

"Umezaa nani, mama?"

"Kijana. Iko muzito sana."

Akageuka nimuone. Kando ya kiuno chake, chini ya kikwembe, ulikuwa unatokea mudomo wa chuma. Mweusi, wa duara. Ulitazama mbabula ya makaa, kisha akageuka tena, ukanitazama mimi.

Sikupiga kelele. Nikipiga kelele mutoto atakimbia, na udongo unateleza. Ilikuwa kama ile siku ya uzi wa mwanga, kila kitu kilipungua mwendo. Tone la maji lilianguka kutoka mabati, nikaliona likishuka lote.

"Mutoto muzuri," nikasema. "Amelala?"

"Ndiyo. Usimuamushe."

"Basi usitembee. Piga magoti hapa ku mukeka, tumulalishe."

"Hapana. Atalia."

"Hatalia. Koko ameshusha watoto wengi, hakuna aliyelia."

"Mama alisema yeye alilia."

"Mama yako alikuwa na kichwa kigumu tangu ndani ya tumbo."

Akacheka, na kile kitu kikacheka pamoja naye mugongoni. Akapiga magoti. Nikamuzunguka kwa nyuma, nikashika chuma kupitia nguo, nikaelekeza mudomo wake ku ukingo wa udongo, nikafungua fundo. Vidole sikuvipeleka karibu na pale wanapovutia. Nikakilaza chini. Kisha nikamunyanyua mujukuu wangu, na muguu wangu mubaya, nikamupeleka mpaka mulangoni kwa lupango, nikakaa naye pale, mikono yangu imemufunga, macho yangu hayatoki pale mukekani.

"Koko, mutoto wangu atashikwa na baridi," akaniambia.

Binti yangu aliporudi, akaona, akashika tumbo lake. Yeye alikuwa anajua. Mukwe akaitwa, akapanda anakimbia, akatoa kile kitu pale, akarudi bila kunitazama. Niligeuza kiti changu kuelekea ukuta.

"Mwambie bwana yako, mujukuu wangu amemuzalia bunduki."

Sauti ya mukwe ikatoka nyuma yangu: "Maman, munisamehe. Ndugu yangu aliacha kazi ya jeshi, akaniachia. Nilikuwa nimeificha vizuri."

"Muulize, vizuri ni wapi."

"Chini ya kitanda, maman. Nilisema, pale hakuna mutu anaweza kuingia. Hata ninyi hamuingie."

"Mimi siingie, kwa sababu niko na haya. Huyu mutoto, haya amepewa na nani? Ukwe anaujua?"

"Nilitoa risasi. Haina kitu."

Hapo nikageuka. Nikamutazama mukwe wangu machoni, mara ya kwanza tangu atoe ng'ombe wa mahari. Nikapandisha kikwembe mpaka goti, kovu likaonekana.

"Wewe umesoma. Soma hapa. Hii ndiyo *haina kitu*."

Akainamisha kichwa. Lakini alikuwa na neno lake, na mimi sikulidharau. "Na wezi, maman? Munajua vile wanatoboa nyumba za watu. Wakikuja, nitawapiga na ndoo?"

"Wakikuja mu giza, na watoto wamelala katikati, wewe utapiga nani? Avenyu yenu, mutaa wote, haina filimbi? Haina masufuria ya kugonga? Kule kwangu mumoja akigonga, kilima chote kinaamuka, mwizi anashuka na matako mpaka ku ziwa." Binti yangu alicheka huku analia. Nikamaliza: "Sitamukanda muzazi juu ya kitanda kinachofunika kitu kile. Akitoka kuzaa materinite, anakuja kwangu, na watoto wote. Watarudi siku kile kitu kitakuwa kimetoka."

Hilo lilikuwa pigo. Mutoto akikalishwa nje ya nyumba ya baba yake, watu wanasema baba hana nyumba. Binti yangu aliniambia, "Mama, watasema nimefukuzwa." Nikamwambia, "Waseme. Mudomo wa watu hautoboi muguu."

Lakini tumbo lake lilikuwa linashuka, na mukwe alikuwa bado hajakitoa. Kurudisha kitu kile si kama kurudisha jembe la jirani: wakubwa watakuuliza ulikitoa wapi, wanaweza kukufunga. Nililijua hilo. Kila siku nilitazama njia ya kilima chao, na mabati yao mu ukungu yalionekana na kupotea, yalionekana na kupotea.

Siku moja, misa ya asubuhi imeisha, mukwe akaja kwangu. Alikuwa na binti yangu na tumbo lake, na padri, na chefu wa avenyu. Padri akasema walienda wote watatu, mbele ya watu, wakakikabidhi kwa serikali. Chefu akasema ndiyo. Mimi nikamwambia binti yangu, "Padri ni mutu wa Mungu. Lakini mimi, macho yangu ndiyo yanalala na mimi."

Mukwe akasema, "Maman, mukuje. Muangalie ninyi wenyewe."

Tukapanda. Mu nyumba yake akafungua rido kwa mukono wake mwenyewe, akatoka nje, akatugeuzia mugongo. Haya ilimushika yeye, haya ikanishika mimi. Nikaingia. Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chini ya kitanda cha mukwe wangu. Giza, harufu ya udongo, sandali moja ya mutoto. Nikapitisha mukono kila pembe, polepole, kama mutu anayetafuta sindano.

Ninajua bunduki haifi. Ile iko inalala mahali fulani, na Mungu anajua nani anapita juu yake. Lakini pale haikuwa tena. Nikatoka, nikafunga kikwembe changu vizuri, nikageuza uso ukutani kama inavyofaa.

"Mwambie bwana yako," nikasema kwa binti yangu, "aende kuchukua godoro langu. Mama wa muzazi amefika."