Ushuru wa Kinanda na Miguu Yake ya Chuma

Niliondoka Bariadi kwa sababu ya kikaratasi cha posta. Kinanda tulichoagiza Ujerumani kilikuwa kimefika Mwanza, tukalipe ushuru. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa, kila mtu aliagiza kitu, nao akina mama wa kwaya yetu waliuza kuku wao mpaka hela ikatosha. Mimi nilikuwa katibu. Nilifuatana na mhazini, Mayu Kabula (mayu ni mama kwa Kisukuma), mtu mzima aliyenifundisha kuimba.

Alfajiri, ndani ya basi, nikamwambia mpango wangu. Mkulima wa pamba anajua mizani: uzito ukipungua, malipo nayo yanapungua. "Mayu, ile miguu ya chuma tuichomoe kabla hawajapima."

"Mwanangu, si wizi huo?"

"Ni ujanja tu," nikasema. Mungu anisamehe.

Saa tano tukafika forodhani Mwanza. Karani, Msukuma mwenzetu, akatusalimia, "Mwangaluka, mayu," akafungua sanduku, kisha akaenda kutafuta muhuri. Haraka nikachomoa ile miguu, nikamwekea Mayu mapajani na kuifunika kwa kitenge chake.

Karani akarudi, akasoma ankara. "Kinanda na miguu minne. Miguu iko wapi?"

"Labda imebaki hukohuko Ujerumani," nikasema. Loo, mdomo huu!

Mayu akajisogeza kidogo, vyuma vikagongana.

"Mama, umeificha ya nini?"

Zamu ya kusema ilikuwa yangu. Nikatazama sakafu.

"Ili mizani isome kidogo, baba," akajibu Mayu. "Ni mimi."

Karani alicheka hadi wenzake wakaja kutazama. "Mama, hapa siyo kituo cha pamba! Ushuru unafuata bei ya ankara, siyo kilo!" Tukalipa ushuru uleule tuliotakiwa tangu mwanzo.

Usiku ule tulilala Magu kwa mdogo wake Mayu. "Safari ilikuwaje?" akauliza mwenyeji. "Salama tu," akasema Mayu, lakini ugali hakuugusa.

Kesho yake Bariadi wanakwaya wakatupokea kwa vigelegele. Mayu akangoja vikome, akaweka daftari la mhazini juu ya sanduku. "Nimekamatwa nikificha vyuma forodhani. Tafuteni mwingine."

Wote wakanigeukia. "Katibu, ni kweli?"

"Ni kweli," nikasema.

Wanaoniuliza nilijifunza nini Mwanza huwa nawajibu kwamba ushuru haufuati uzito. Haya mengine nayaandika leo, Mayu Kabula akiwa tayari kaburini.