Uzi wa Kilomita Arobaini

Flaviana hakujua kunyamaza na jambo jema. Tangu aanze kusoma QT, ule mtihani wa watu wazima waliokatiza shule, jioni, pale senta ya tuisheni jirani na kwake Kiwalani, kila aliyeleta sare ya shule kushonwa alipimwa kiuno huku akisimuliwa hesabu. Mwanamke aliyeacha shule njiani huko Masasi, leo ana miaka arobaini na kitu, na Mwalimu Allen, kijana anayewafundisha pale, hajawahi kumwekea alama ya kosa hata moja. Nani asingeringa?

Binti yake Marietha, wa kidato cha pili, akaja na zoezi: unene wa uzi ni mita 0.0004, uandike kwa kipeo cha kumi. Marietha alitaka kuweka kipeo hasi. Mama akakataa katakata. Uzi upo, unashikika, hasi inatoka wapi? Nukta inaruka mara nne, basi ni 4 × 10⁴, na yeye swali kama hilo alishalipatia vema. Mtoto akafuta.

Kesho yake shuleni Marietha akasimama kulitetea jibu, akasema mama yake anasoma na ndiye aliyemfundisha. Mwalimu wao akalikokotoa ubaoni: mita elfu arobaini. Uzi mnene kama kutoka Kiwalani hadi Kibaha! Darasa likaangua kicheko, na mmoja akauliza sindano yake inauzwa wapi.

Marietha alirudi nyumbani bila kulia. Alisema tu, "Mama, usinifundishe tena."

Fundi mzima, siku hiyo Flaviana alishindwa kutunga uzi kwenye sindano kwa aibu. Jioni akawahi senta kabla ya wenzake, akamuuliza Allen zile alama za vema zilitoka wapi. Kijana akatazama chini. Akakiri kwamba makosa yalikuwepo, tena mengi.

"Una umri wa mama yangu," akasema. "Ningekuwekeaje kosa?"

Hapo ndipo aibu ilipomkolea. Kumbe alikuwa anapewa heshima, hesabu hajui. Na wateja wote wale aliowachosha masikio! Akachukua mkoba, akafika mpaka mlangoni. Ila akamfikiria Marietha, kasimama peke yake mbele ya darasa akimtetea mama yake. Akarudi, akakaa dawati la mbele.

Wenzake walipoingia, Allen akageuka kumwamkia kwanza yeye, kama siku zote. Flaviana akamuwahi. Akasimama wima, kama wasimamavyo wanafunzi.

"Shikamoo, mwalimu."

Darasa zima likageuka kumtazama. Kumwamkia kijana ambaye angeweza kumzaa! Uso ulimwaka, lakini hakukaa.

"Marahaba," Allen akajibu kwa sauti ndogo. "Flaviana, njoo ubaoni."

Alikosa. Akapewa jingine, akakosa tena, vijana wa nyuma wakacheka, na mwalimu akamchorea kosa kubwa la kuonekana hadi barabarani.

Nyumbani alimkuta Marietha anaosha vyombo. Hakuulizwa kitu, akasema mwenyewe: amekosa mbele za watu, na wamemcheka. Mtoto akafuta mikono kwenye kanga, akavuta kigoda, akakaa karibu yake.

"Ile hasi haisemi uzi haupo, mama," akasema. "Inasema umegawanywa kwa kumi, mara nne. Shika penseli."